13 ya nini? Jinsi ukubwa wa mashine ya kutobolea unavyopimwa

Ukipitia matangazo ya mashine za kutobolea utakutana na 13 za aina tatu. Kuna mashine ya "inchi 13", kuna mashine ya "milimita 13", na kuna iliyochorwa 13 kwenye mdomo unaoshika biti. Ya kwanza huenda ikataka watu wawili kuinyanyua. Ya pili mtu mmoja huibeba kwapani. Wauzaji hawajadanganya. Kila namba inapima kitu chake, na hakuna hata moja inayotosha kukuambia mashine nzima ina ukubwa gani.

Chanzo cha mkanganyiko ni drili ya mkono. Yenyewe hutajwa kwa namba moja tu, unene wa biti unaoweza kuingia mdomoni, yaani 10 au 13, na mambo yanaishia hapo. Mtu aliyezoea hivyo akisikia "mashine ya inchi 12" atafikiria biti nene ya inchi 12, au shimo lenye kina cha inchi 12, au kimo cha mashine. Si lolote kati ya hayo.

Kabla ya namba, tukubaliane majina ya viungo. Mashine husimama juu ya kitako kizito. Kwenye kitako imechomekwa nguzo ya bomba la chuma. Juu ya nguzo kuna kichwa, chenye mota upande mmoja na spindeli upande wa pili, na katikati yake puli na mkanda wa kubadilishia kasi. Spindeli ni mhimili unaozunguka. Chini yake kuna mdomo wenye taya tatu zinazobana biti. Ukivuta mkono wa kuteremshia, spindeli hushuka pamoja na bomba nene linaloizunguka. Kati ya kichwa na kitako kuna meza inayopanda na kushuka kwenye nguzo. Na koo ni ile nafasi iliyo wazi kutoka uso wa nguzo hadi katikati ya biti. Hilo koo ndilo linaloleta ubishi mwingi kuliko viungo vingine vyote.

Inchi zinazotajwa ni koo mara mbili

Kwa mtindo wa Marekani, mashine hutajwa kwa swingi, na swingi ni koo mara mbili. Mashine ya inchi 10 ina koo la inchi 5. Ya inchi 17 ina koo la inchi 8 na nusu. Hesabu haiendi zaidi ya hapo, ingawa sababu ya kuzidisha kwa mbili huwa haielezwi.

Chukua sinia la duara, uliweke mezani, ulisukume mpaka ukingo wake uguse nguzo. Kama ncha ya biti inaangukia katikati kabisa ya sinia, basi kipenyo cha sinia hilo ndiyo swingi ya mashine. Swingi ni kipenyo cha duara kubwa kuliko yote ambalo mashine inaweza kulitoboa katikati. Mashine ya kukerezea nayo hupimwa kwa namna hiyo hiyo: kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda chake.

Kwa mbao na mabati yenye kingo zilizonyooka, mantiki inabaki ile ile. Ubao wenye upana wa inchi 12 kwenye mashine ya inchi 12 hufikika kila mahali, kwa sababu sehemu usiyoifikia kutoka ukingo huu utaifikia ukiugeuza. Ukiwa mpana zaidi, katikati hubaki ukanda usiofikika. Mfano: bamba la upana wa milimita 500, mashine yenye koo la milimita 152 (inchi 12 ya swingi). Unafikia milimita 152 kutoka kila upande, jumla 304, na katikati zinabaki milimita 196 ambazo biti haitazigusa hata ufanyeje. Urefu wa bamba hauna shida, maana linapita pembeni mwa nguzo. Kikwazo ni upana.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: kati ya mashimo yote ninayotoboa, lililo mbali zaidi na ukingo wake wa karibu liko umbali gani? Kama ni milimita 200, unahitaji koo la 200 na kidogo, yaani swingi isiyopungua milimita 400, na kwenye orodha za inchi hiyo itakuwa 16 au 17. Kama kazi zako ni vyuma bapa vya upana wa milimita 50 na mabomba ya mraba, hata mashine ya inchi 8 ina koo la kutosha kabisa, na pesa ya kuongezea swingi ingefaa kwenda kwingine.

Kuna wanaodhani ukigeuza meza pembeni, au ukizungusha kichwa kiangalie nje ya kitako, swingi inaongezeka. Haiongezeki. Ukifanya hivyo unapata nafasi ya kusimamisha kitu kirefu kuelekea sakafuni, lakini umbali wa nguzo hadi biti haujasogea hata nywele moja.

Orodha zinazotumia milimita mara nyingi huandika koo lenyewe bila kuzidisha. Hapo ndipo mtu anaona "178" kwenye mashine moja na "inchi 14" kwenye nyingine akadhani ya pili ni kubwa maradufu. Ni sawasawa: 178 mara mbili ni 356, na inchi 14 ni milimita 355.6. Ukiona namba ya milimita bila maelezo, uliza kama ni koo au ni swingi.

Milimita zinazotajwa ni uwezo kwenye chuma

Sehemu kubwa ya dunia, mashine haitajwi kwa swingi bali kwa kipenyo kikubwa cha shimo inaloweza kutoboa kwenye chuma cha kawaida: 13, 16, 20, 25, 32. Namba hii inagusa mota, kasi, tepa ya spindeli (kiungo chenye umbo la koni) na ugumu wa nguzo kwa pamoja, kwa hiyo kwangu mimi ndiyo inayosema mengi zaidi, ikiwa mtengenezaji ameitoa kwa uaminifu.

Mashine za Kichina huichora kwenye jina lake. Herufi Z ni alama ya mashine za kutobolea, na tarakimu mbili za mwisho ni uwezo kwa milimita. Z4116 ni ya mezani ya milimita 16. Z5140 ni ya kusimama ya milimita 40. Z3050 ni ile kubwa ya mkono unaozunguka nguzo, milimita 50. Hiyo pia hutajwa kwa urefu wa mkono wake, kwa sababu kichwa husogea juu ya mkono na koo halina kipimo kimoja.

Angalia chuma kilichotajwa. Chuma cha kusubu, kile kilichomiminwa kwenye kalibu, hukatika kwa nguvu ndogo kuliko chuma laini cha mhunzi, kwa hiyo mashine ile ile inaweza kuandikwa 20 kwa chuma cha kusubu na 16 kwa chuma laini. Kwa mbao namba hupanda mbali zaidi. Tangazo likisema "hutoboa hadi milimita 25" bila kutaja kitu kinachotobolewa, chukulia ni mbao mpaka uthibitishiwe vingine.

Mdomo unashika nini

Namba ya tatu ni ya mdomo. Mara nyingi ni 13 au 16, au kwa inchi nusu na tano ya nane. Mdomo huwa na kiwango cha chini pia, nacho husahaulika: uliochorwa 1–13 hushika biti nyembamba ya milimita 1, lakini uliochorwa 3–16 hautabana kitu chembamba kuliko milimita 3. Mwenye kutoboa mashimo madogo akinunua mdomo mkubwa kwa kudhani kubwa ndiyo bora, atajikuta biti yake ya milimita 2 inaanguka katikati ya taya.

Ukiutazama mdomo wenyewe kwa karibu, ubavuni utaona maandishi kama "1–13 B16". Hapa wengi huteleza: wanasoma 16 na kuamini mdomo unashika biti ya 16. B16 ni jina la tepa fupi iliyo nyuma ya mdomo, pale unapojipachika. Kinachohusu biti ni 1–13 peke yake.

Na kuingia mdomoni si kutoboa. Zipo biti za milimita 20 ambazo shina lake limekerezwa hadi milimita 13 au chini. Zitaingia kwenye mashine ndogo bila tatizo. Zikigusa chuma, mkanda utateleza, mota itanguruma na kusimama, au biti itazunguka ndani ya taya na kukwaruza shina lake. Mdomo hauongezi nguvu ya mota.

Kwa upande wa pili, mashine inaweza kutoboa shimo kubwa kuliko mdomo wake. Spindeli za mashine za wastani zina tundu la tepa ya Morse ndani yake. Ukitoa mdomo pamoja na shina lake kwa kutumia kabari, unaweza kuchomeka moja kwa moja biti yenye mkia wa tepa. Tepa namba 1 hubeba biti hadi milimita 14, namba 2 hadi milimita 23, namba 3 hadi karibu 32, na namba 4 hadi kama 50. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa "MT2" kwa kawaida inalenga mashimo yasiyozidi 23, na ya "MT3" yasiyozidi 32. Mashine ndogo kabisa hazina tepa hiyo. Mdomo umepachikwa kwenye spindeli moja kwa moja, na uwezo wa mdomo ndio mwisho wa safari.

Kasi ya chini, kipimo kinachopuuzwa

Watu huuliza mashine inakimbia kiasi gani. Kwa chuma, swali la maana ni inaweza kwenda *polepole* kiasi gani.

Biti ya HSS (high-speed steel, chuma kigumu cha kukatia) kwenye chuma laini hupenda ukingo wake ukate kwa kama mita 25 kwa dakika. Biti ikiwa nene, ukingo wake husafiri mbali zaidi kila mzunguko, kwa hiyo lazima mizunguko ipunguzwe. Hesabu ya haraka: gawa 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita, unapata mizunguko kwa dakika. Biti ya 10 inataka kama 800. Ya 13 inataka 615. Ya 16, 500. Ya 20, 400. Ya 25, 320. Kwa chuma kisichoshika kutu tumia nusu ya hapo au chini; kwa aluminiamu unaweza kugawa 20,000 badala ya 8,000.

Sasa chukua mashine ndogo ya mezani yenye kasi tano, ya chini kabisa ikiwa 620. Inafaa biti ya 13 kwenye chuma laini, kwa kubana sana. Kwa biti ya 16 tayari iko mbio mno, na kwa chuma kisichoshika kutu biti ya 10 tu inaitesa. Na msumeno wa duara wa kutobolea shimo la milimita 60 kwenye bamba unataka kama mizunguko 130. Mashine ya namna hiyo haitafika huko hata mkanda uwekwe kwenye puli ipi.

Dalili za kuzidisha kasi zinaonekana kwa macho. Biti hupiga kelele kali, pembe zake mbili za nje hugeuka rangi ya buluu, kisha hupoteza ugumu. Baada ya hapo haikati tena bali inasugua. Mtu huongeza nguvu mkononi, joto linazidi, na kwenye chuma kisichoshika kutu sehemu iliyosuguliwa inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, mpaka hata biti mpya inaikataa. Lawama huenda kwa biti, ilhali kosa lilikuwa kwenye puli.

Ukilazimika kuchagua kati ya mashine mbili zenye swingi sawa, moja ikianza na 250 na nyingine 600, kwa kazi ya chuma chukua ya 250 bila kufikiria mara mbili. Kwa mbao tofauti ni ndogo zaidi, isipokuwa ukitumia biti pana.

Nguvu ya mota

Hapa sitakaa sana. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo nusu yake ni kama wati 370. Angalia tu mambo mawili kwenye kibati cha mota. La kwanza, wati zilizoandikwa zinaweza kuwa za umeme unaoingia wala si nguvu inayotoka kwenye shafti. Inayotoka huwa ndogo. La pili ni herufi S. S1 maana yake mota inaweza kufanya kazi mfululizo. S2 ikifuatwa na dakika, tuseme 15, maana yake baada ya dakika hizo ipumzishwe ipoe. Mota ya wati 500 ya S2 si sawa na ya wati 500 ya S1, hata kama mabango yao yanafanana.

Mafundi hutumia ujanja wa kutanguliza biti nyembamba, halafu kupanua kwa nene. Ujanja huo unasaidia, lakini ujue unasaidia nini. Ncha ya katikati ya biti haikati vizuri, inasukuma. Ukiiondolea kazi kwa tundu la kutangulia, nguvu ya kukandamiza inapungua sana. Ila nguvu ya kuzungusha hutumika zaidi kwenye kingo za nje, na hizo bado zina kazi karibu yote. Ndiyo sababu tundu la kutangulia humwokoa mwenye mashine yenye nguzo dhaifu, lakini halimwokoi sana mwenye mota dhaifu. Tundu hilo liwe pana kidogo tu kuliko ile ncha ya katikati. Likizidi, biti nene hunasa kwa pembe zake na kuruka.

Nguzo

Ukubwa ambao matangazo huuficha chini kabisa ya orodha ni kipenyo cha nguzo. Unapokandamiza biti, meza inasukumwa chini na kichwa kinarudi nyuma, kwa kuwa kila kitu kimening'inia upande mmoja wa bomba. Bomba mbili zikiwa na unene sawa wa ukuta, ugumu wa kupindika hufuata kipenyo × kipenyo × kipenyo: nguzo ya milimita 73 ni ngumu karibu mara nne kuliko ya milimita 46. Macho hayaoni tofauti hiyo. Kwa macho moja imezidi nyingine kidogo tu.

Koo nalo linachangia, tena vibaya. Nguzo ikibaki ile ile na koo likaongezwa mara mbili, mpindo unaouona kwenye biti huongezeka kama mara nne. Ndiyo maana swingi kubwa peke yake si sifa. Zipo mashine za mezani zenye kichwa kinachoteleza mbele na nyuma, zikatangazwa kwa swingi ya inchi 30 na zaidi. Namba ni ya kweli na kwa mbao pana zinafaa sana. Lakini ukitoa kichwa mpaka mwisho na kuikandamiza kwenye chuma, utaona biti inatembea kabla ya kuuma. Mwenye kulinganisha kwa inchi tu ataipanga juu ya mashine ya inchi 17 ya sakafuni, ilhali kwa chuma haifiki hata magotini mwake.

Jaribu hivi ukiwa mbele ya mashine, umeme ukiwa umezimwa. Bana fimbo iliyonyooka mdomoni, weka kipande cha mbao ngumu mezani, simamisha skwea (kipimo cha pembe mraba) mezani ikigusa fimbo, kisha shusha na kukandamiza kama unavyotoboa. Mwanga ukijitokeza kati ya fimbo na skwea, hiyo ndiyo nguzo na meza vikipinda. Kidogo sana ni kawaida. Kikionekana waziwazi, utakiona pia wakati wa kazi: kichwa kinarudi nyuma unapokandamiza, halafu biti inapopenya upande wa pili mzigo unaisha ghafla, kichwa kinarudi mbele kwa kishindo, biti inanasa kwenye ukingo wa shimo na kuzungusha kazi. Hapo ndipo vidole huumia. Jiriwa ifungwe mezani kwa bolti, wala isishikwe kwa mkono.

Kina, na nafasi ya wima

Mteremko wa spindeli ndio unaoamua kina unachotoboa kwa pigo moja. Mashine ndogo zina milimita 50, za wastani kama 80, kubwa 100 na zaidi. Huu nao hauhusiani na swingi.

Mguu wa mbao wenye unene wa milimita 80 kwenye mashine ya mteremko wa 50 unatoboka, kwa awamu mbili. Toboa 50, zima mashine, acha biti ikiwa chini ndani ya shimo, legeza meza na uipandishe taratibu huku spindeli ikipanda pamoja nayo na biti ikiendelea kukaa ndani ya tundu lake, funga, endelea. Biti ibaki ndani kwa sababu meza kwenye nguzo ya duara huyumba pembeni ikilegezwa, na ukiitoa hutarudi pale pale. Lakini angalia biti yenyewe: ya milimita 10 ya urefu wa kawaida ni milimita 133, na mifereji yake ni 87 tu. Mifereji ikizama yote ndani ya shimo, vumbi na nyuzi hazina pa kutokea. Biti inakwama na kuungua. Kwa unene wa 80, chomoa mara kwa mara ukisafisha.

Nafasi ya wima ni umbali kutoka spindeli hadi meza ikiwa chini kabisa, na hadi kitako. Hapa pekee ndipo drili ya mezani na ya sakafuni zinapotofautiana kweli. Mara nyingi kichwa, mota na swingi ni vile vile. Ya sakafuni imepewa nguzo ndefu tu. Nguzo ndefu haiongezi nguvu hata chembe.

Usiisome namba hiyo kama urefu wa kitu utakachotoboa. Tuseme imeandikwa 400. Mdomo na shina lake vinaweza kula kama 100. Biti ya 13 ina urefu wa 151, na ikibanwa vizuri zinabaki nje kama 110. Jiriwa kutoka chini hadi pale kazi inapokaa, 50. Iliyobaki ni 140. Watengenezaji wengine hupimia kutoka ncha ya spindeli na wengine kutoka mdomo, na hilo pekee linatosha kuleta tofauti ya milimita 100 kati ya mashine mbili zinazolingana.

Kuipima iliyokwisha tumika

Mashine ya zamani iliyopoteza kibati inajulikana kwa dakika chache ukiwa na futi ya chuma. Bana fimbo ya milimita 10 mdomoni. Pima kutoka uso wa nguzo hadi ubavu wa fimbo ulio karibu na nguzo, mahali pasipo na pete ya nguzo wala ukanda wa meno wa kupandishia meza. Ongeza 5, nusu ya unene wa fimbo. Ukipata 173 kwenye futi, koo ni 178, swingi ni 356, nayo ni mashine ya inchi 14. Usipimie kwenye ubavu wa mdomo wenyewe. Mdomo una unene wake na utaipunja mashine inchi mbili au zaidi za swingi.

Kisha teremsha spindeli mpaka mwisho na upime ilivyoshuka, pima mzingo wa nguzo kwa uzi na ugawe kwa 3.14, angalia ubavuni mwa bomba la spindeli kama kuna tundu la kupitisha kabari, maana likiwepo kuna tepa ya Morse ndani.

Kasi isome kwenye chati iliyobandikwa chini ya kifuniko cha mkanda, lakini linganisha na kibati cha mota kwanza. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Hz 60, mota yake huzunguka kama 1,725 kwa dakika. Ikiwekewa mota ya Hz 50 itazunguka kama 1,440, na kila kasi kwenye chati inashuka kwa karibu moja ya sita. Iliyoandikwa 620 itakuwa kama 515, na kwa mwenye kutoboa chuma kwa biti ya 16, hiyo ni bahati.